Uliza Ujibiwe: Programu zikibishana, nani anaamua mshindi?

Toleo lililopita tuligusia kidogo habari za ajenti, yaani zile programu zinazopewa kazi na kuifanya zenyewe bila wewe kukaa pembeni kubonyeza, tukasema siku hizi kuna zinazojadiliana zenyewe kwa zenyewe kwa hoja kama watu. Basi meseji zikaanza kumiminika, kutoka mjini hapa na vijijini huko, nyingine kali nyingine za kuchekesha. Tumechagua chache, tuanze.

Mi nasoma kompyuta mwaka wa tatu hapa Dodoma. Projekti yangu ni ajenti wa kumshauri mkulima alime nini msimu huu. Supavaiza kaniambia niache kurundika "kama hivi fanya vile", nikasome Dung. Nimeifungua hiyo pepa, kaka, ni seti na mishale tupu, hamna hata hoja moja iliyoandikwa kwa maneno. Hoja bila maneno ndo nini sasa? (Mwanachuo, Ng'ong'ona)

Mdogo wangu, supavaiza wako kakupeleka pazuri, ila angekuambia kwanza ilikotokea hiyo kitu usingepata shida.

Logiki ya kawaida uliyofundishwa mwaka wa kwanza ina tabia moja, ukishathibitisha jambo limethibitika, hata uongeze taarifa mpya mia moja halitoki. Maisha hayaendi hivyo. Ukiambiwa kuna ndege kwenye zizi la mtu unasema huyo anaruka, ukiambiwa ni mbuni unafuta kauli, na wala hukuwa mjinga mwanzoni. Mwaka 1980 watu wawili walikuja na majibu yao, Raymond Reiter na logiki yake ya difoti (unaamini la kawaida mpaka uambiwe vinginevyo), John McCarthy na yake, na baada ya hapo zikafuata nyingine nyingi kila mtu na ya kwake mpaka ikawa vurugu. Mwanafalsafa mmoja wa Marekani, John Pollock, mwaka 1987 akaeleza vizuri kwamba hoja inaweza kuangushwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza unaleta hoja inayosema kinyume chake. Ya pili husemi kinyume, unakata tu kamba kati ya ushahidi na kauli, mfano mtu anasema hili shati ni jekundu maana naliona jekundu, wewe unamwambia humu ndani taa ni nyekundu. Hujasema shati si jekundu, umesema tu macho yako hapa hayasaidii. Hizo mbili zishike, utazihitaji kwenye projekti kuliko unavyodhani.

Sasa ndo anakuja Phan Minh Dung, Mvietnamu aliyekuwa anafundisha Asian Institute of Technology kule Thailand, na pepa yake ya 1995. Alichofanya ni kuvua kila kitu. Hakujali hoja imejengwaje, nani kasema, kwa lugha gani. Akabakiza vitu viwili, orodha ya hoja na mishale ya nani anamshambulia nani, afu akauliza, kwa picha hii tu, hoja zipi zinaweza kusimama pamoja na kujitetea? Na akaonyesha kwamba zile logiki nyingi zilizokuwa zinagombana, ukizitazama kwa jicho hilo, ni picha ileile. Hata tatizo la kuoanisha mabwana na mabibi harusi ili pasiwe na wawili wanaotaka kutoroka pamoja alilipitisha humohumo. Ndo maana huoni maneno, mdogo wangu, angeweka maneno asingefika huko.

Tuweke ya shambani basi. Hoja ya kwanza: panda mahindi wiki hii, mvua zimeanza. Ya pili: usipande mahindi, utabiri unasema katikati ya msimu mvua zitakata na yataungua (na kwetu huku msimu ni mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi, ukikosea hamna vuli ya kukuokoa). Ya tatu: faili la utabiri alilosoma ajenti ni la mwaka jana. Mishale sasa, ya tatu inapiga ya pili kwa ile njia ya kukata kamba, ya pili inapiga ya kwanza. Ya tatu haina anayeipiga, inaingia. Ya pili imepigwa na aliyeingia, inatoka. Ya kwanza aliyekuwa anaipiga katolewa, kwa hiyo inarudi. Ukiongeza ya nne, kwamba faili limeshabadilishwa na tarehe yake ni hii hapa, ya tatu inatoka, ya pili inarudi, mahindi yamekufa tena. Kompyuta haijasahau wala kujipinga, picha imeongezeka mshale mmoja ikahesabiwa upya.

Hesabu yenyewe ni rahisi, chukua zisizopigwa na mtu, ziingize, toa zote zinazopigwa nazo, angalia kama kuna mpya ambazo wapigaji wao wote wametoka, ziingize nazo, rudia mpaka pasibadilike kitu. Kinachobaki ndani ndo kundi la msingi, wao wanaita la graundedi, na kila picha inalo moja tu. Kwa mistari michache ya kodi unalo.

Shida inaanza pale hoja zinapopigana zenyewe kwa zenyewe, na hapa nataka ukae vizuri. Ekari ni moja. Hoja M inasema panda mahindi, bei iko juu. Hoja T inasema panda mtama, unavumilia ukame. M inapiga T, T inapiga M. Kundi la msingi hapa ni tupu, maana hamna asiyepigwa. Ila Dung anakupa njia nyingine, tafuta makundi yasiyopigana ndani, yanayojibu kila shambulizi linalowajia, na makubwa kadiri inavyowezekana, hayo anayaita ya prifadi. Hapo unapata mawili, kundi la M na kundi la T, na ajenti mwenye tahadhari atakuambia hamna zao lililo kwenye makundi yote, kwa hiyo siwezi kusema.

Ongeza K: mwaka huu shamba lilale, hamna zao lenye sababu ya maana. M inaipiga K, T nayo inaipiga, yoyote kati yao ikisimama K imekwisha. Na K yenyewe inaipiga N, inayosema kamlipe mwenye trekta mapema kabla foleni haijawa ndefu. Angalia kinachotokea. Kundi la kwanza ni M na N, la pili ni T na N. Hujui utapanda nini, lakini trekta iko kwenye makundi yote mawili, kwa hiyo kalipe trekta! Kundi la msingi lisingekuambia hilo, lenyewe lilibaki tupu linakutazama. Kwa mkulima hiyo tofauti ni pesa, na kwenye ripoti yako ndo ukurasa ambao ningeuandika kwa nguvu zote.

Bei ya huo utamu ni kompyuta kutoka jasho. Kundi la msingi linapatikana haraka hata hoja zikiwa maelfu. Kuuliza "je hoja hii iko kwenye kila kundi la prifadi" ni ngumu kupita hata yale maswali ya NP (yale magumu ambayo hamna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua) uliyoyaogopa kwenye somo la algorithimu, Paul Dunne na Trevor Bench-Capon wa Liverpool walilithibitisha hilo mwaka 2002. Kwa hoja zako ishirini au hamsini usijali. Na tangu 2015 kuna mashindano ya programu za kutatua picha hizi, kwa hiyo usiandike yako kuanzia sifuri, chukua iliyopo.

Swali ambalo paneli watakubana nalo ni hili, mishale umeitoa wapi? Dung hakujibu, hakuwa na haja. Waliokuja kujibu ni kama Henry Prakken na mfumo wa ASPIC+ mwaka 2010, pale unaandika sheria ngumu (zisizoangushwa) na sheria laini (zinazoweza kuangushwa) na mpangilio wa ipi ina uzito, afu hoja na mishale vinajitokeza vyenyewe. Kuna ule unaojengwa juu ya dhana, wa Bondarenko, Dung mwenyewe, Kowalski na Toni, 1997. Na kuna DeLP, lugha ya kuandikia sheria zinazobishana, ya García na Simari wa Argentina, 2004, ambayo kama umewahi kugusa Prologi (lugha ya programu inayotumia logiki) utaizoea kwa wikiendi moja. Kwa projekti ya shahada ya kwanza ningechukua DeLP, lakini mwisho wa yote anayechora mishale ni wewe au sheria zako, na mashine itahesabu kwa uaminifu uleule hata ukiichorea ujinga.

Mwandishi, salaam. Mimi ni mstaafu. Wajukuu wangu wana hii ChatGPT kwenye simu, ukiibishia inakubishia, baadaye inakuomba radhi. Sasa hayo unayoyaandika si ndiyo hayohayo? (Mstaafu, Area C)

Shikamoo mzee wangu. Hapana, ni ukoo mwingine. Ile ya wajukuu imefundishwa kwa maandishi mengi mno kukisia neno linalofuata, ndo maana inaongea vizuri hivyo, na ukiiuliza "kwa nini umesema hivi" inakutungia sababu nzuri ambayo si lazima iwe ndo iliyoifanya iseme. Ukikunja uso inageuka. Hii tunayoiongelea haina maneno matamu, ila ukiiuliza kwa nini inakuonyesha mshale kwa mshale, nilikubali hili kwa sababu lile lilitolewa na hili, na ukikunja uso haijali, mpaka ulete hoja. Udhaifu wake ni kwamba mtu lazima akae aziandike hizo hoja na sheria, kazi ya kuchosha kweli, kwa hiyo siku hizi wapo wanaounganisha mbili hizi, inayoongea isome maandishi na kuchomoa hoja, inayohesabu iamue zipi zinasimama.

IBM nao walitengeneza mashine ya mdahalo, Project Debater, ikasimama San Francisco Februari 2019 na bingwa wa midahalo Harish Natarajan, mada ikiwa serikali igharamie shule za awali au la. Natarajan ndiye aliyewageuza watu wengi zaidi ukumbini. Mashine ile ilikuwa ya kuchimba hoja kwenye magazeti na kuzipanga zikae kama hotuba, kwa hiyo hata yenyewe isikuchanganye na hii mishale, mzee.

Habari za kazi mwanangu. Mimi ni mkulima wa zabibu, umri umeenda. Mwanangu wa mjini ananiambia iko siku programu yangu itakaa na programu ya mnunuzi wapatane bei, mimi nimelala. Je, hiyo yangu itaweza kusema uongo? Na ya kwake itanidanganya? (Mama wa Mpunguzi)

Shikamoo mama. Maswali yako mawili ndo maswali ambayo watafiti wenyewe wanahangaika nayo, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kwanza kwa nini zibishane badala ya kutajiana bei tu. Simon Parsons, Carles Sierra na Nick Jennings mwaka 1998 walitoa mfano mmoja unaonipendeza mpaka leo. Ajenti wawili mafundi wa nyumbani. Mmoja anataka kutundika picha, ana nyundo ila hana msumari, ana skrubu na bisibisi pia. Mwingine anataka kutundika kioo, ana msumari. Wa kwanza anaomba msumari, wa pili anakataa, nao nautaka kwa kioo changu. Kama ni kutajiana bei tu mazungumzo yameishia hapo. Lakini wakipeana sababu, wa kwanza anagundua kwamba mwenzake anataka kioo kikae ukutani, msumari ni njia tu, kwa hiyo anamwambia chukua skrubu na bisibisi utundikie kioo chako, nipe msumari. Wote wamepata na hakuna aliyepunguziwa kitu. Sasa mama, mnunuzi wako wa mvinyo akisema bei yako kubwa, programu inayojua kuuliza sababu inaweza kukuta kwamba anachokiogopa ni sukari ya zabibu kuwa chini ya kipimo anachotaka, basi mnapatana kupima mbele yake na kumlipia gari, na kilo inabaki bei yako.

Pia si kila mazungumzo ni ya aina moja. Douglas Walton na Erik Krabbe mwaka 1995 waliyapanga, kuna kushawishiana, kupatana bei, kuchunguza jambo pamoja, kuamua pamoja cha kufanya, kuulizana taarifa, na kuna ugomvi mtupu. Programu ikidhani mko kwenye kuulizana taarifa kumbe mwenzake yuko kwenye kupatana bei, itamwaga siri zako zote. Itamwambia zabibu zimeiva na zikikaa wiki zinaoza, na hapo mama umeshauzwa. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwanao ni hilo, hiyo programu inajua tofauti?

Uongo sasa. Charles Hamblin, mwaka 1970, alipendekeza kila msemaji kwenye mjadala awe na daftari la ahadi, kila unachokisema hadharani kinaandikwa humo na huwezi kukikana kimyakimya, lazima useme nafuta hiki. Programu nyingi za kujadiliana zimejengwa juu ya wazo hilo. Daftari halimkamati mwongo anayedanganya kwa mpangilio tangu mwanzo mpaka mwisho. Linamkamata anayejikanyaga, aliyesema asubuhi ana tani mbili na jioni anazo tano.

Kuna kitu cha katikati pia, kunyamaza. Programu haidanganyi, ila inaficha hoja ambayo ingemsaidia mwenzake. Iyad Rahwan na Kate Larson mwaka 2008 waliligeuza hilo kuwa hesabu, je unaweza kuweka kanuni za mjadala ambazo kuficha hakumlipi mtu? Wakakuta kuna masharti ambayo inawezekana, na nje ya masharti hayo anayenyamaza vizuri anafaidi. Sokoni Majengo hilo halihitaji hesabu, lakini ni vizuri kujua kwamba limehesabika.

Kwa hiyo ndiyo mama, yako inaweza kudanganya kama aliyeiandika kairuhusu, na yake hivyohivyo. Mimi nisingeiachia iuze huku nimelala. Ningeiachia ijadili, afu asubuhi inisomee daftari lote, yangu na yake, ndo niseme ndiyo.

Mwl wa klabu ya debate hapa. Wanafunzi wangu wanasema kama hoja zinapigana kwa mishale basi upande wenye hoja nyingi ushinde tuende nyumbani, mi nawaambia hapana ila siwezi kueleza kwa nini. Nisaidie. (Mwalimu, Kondoa)

Mwalimu, kwa Dung wingi hauhesabiki kabisa. Leta hoja kumi zote zimesimama juu ya ripoti moja, mwenzako akaleta moja tu isiyopigwa na mtu inayosema ripoti ile imeghushiwa, kumi zote chini. Wapo waliotengeneza mifumo ya kupima nguvu kwa viwango, hoja iliyopigwa na watu watatu inadhoofika kuliko ya mmoja, ina kazi zake, ila kwa debate ya wanafunzi utawafundisha kujaza idadi.

Cha kuwapa ni kile cha Trevor Bench-Capon, yule yule wa Liverpool, cha mwaka 2003. Anasema kila hoja inabeba thamani fulani, uhai, mali, usawa, chochote, na shambulizi linafanikiwa tu kama hadhira haiiweki thamani ya anayepigwa juu ya ile ya mpigaji. Mfano anaotumia ni wa Hal na Carla. Hal ana kisukari, dawa yake ya insulini imepotea bila kosa lake, anakaribia kuzimia, anaingia kwa Carla ambaye naye ana kisukari na hayupo nyumbani, anatumia ya kwake. Hoja moja inasema Hal yuko sawa, alikuwa anaokoa uhai. Nyingine inaipiga, mali ya mtu haiguswi. Ya tatu inaipiga ya pili, anaweza kumlipa. Ya nne inaipiga ya tatu, Hal ni maskini hana cha kulipa, na mtu asife kwa umaskini. Ya kwanza na ya nne zinabeba uhai, ya pili na ya tatu zinabeba mali. Hadhira inayoweka uhai juu ya mali inaona ile ya pili imerusha jiwe halikufika, Hal kasimama. Hadhira inayoweka mali juu inapata kundi lingine kwa mishale ileile, kwao ya nne haifiki kwa ya tatu, ya tatu inaiangusha ya pili, na Hal anasimama kwa njia nyingine. Na uzuri ni kwamba ukishapanga thamani, mradi hakuna mzunguko wa hoja zinazopigana ambazo zote zina thamani moja, kila hadhira inapata kundi moja tu la prifadi, haibaki inayumbayumba.

Wape mada ya simu shuleni, kuna usalama, kuna masomo, kuna gharama kwa mzazi, wachore mishale ubaoni kwanza afu kila kundi lipange thamani zake. Utaona wanagombana dakika ishirini wakidhani wanapingana ushahidi, kumbe wanapingana mpangilio wa thamani. Majaji wa debate nao, mimi naona, wangetakiwa kutangaza mpangilio wao kabla hawajakaa, wengi hawatangazi na tunajua kwa nini.

Niko kwenye usuluhishi wa mambo ya mashamba kijijini. Nina mashahidi watatu. Wa kwanza anasema wa pili mwongo, wa pili anasema wa tatu mwongo, wa tatu anasema wa kwanza mwongo. Hiyo kompyuta yenu ingeamuaje? (Mjumbe, Bahi)

Mheshimiwa mjumbe, bila kujua umetuma fumbo ambalo wataalamu wanalo mezani miaka yote hii. Mishale mitatu inazunguka. Kundi la msingi, tupu. La prifadi, lipo lakini nalo tupu, maana ukimchukua shahidi yeyote, anayemwita mwongo yuko na wa kumpiga huyo ni yule anayeitwa mwongo na shahidi wako mwenyewe, hawawezi kukaa kundi moja. Na kuna kipimo kikali zaidi cha Dung, kinachotaka kundi lipige kila aliye nje yake, wanaita stebo, hapa hakipati kundi kabisa, hata tupu.

Sasa cha ajabu, wangekuwa mashahidi wanne wanazungukana hivyohivyo, ungepata makundi mawili safi, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Watatu tupu, wanne mawili! Kwa nini witiri na shufwa viwe na hukumu tofauti namna hiyo wakati kisa ni kilekile, wengi halikuwaingia, na Pietro Baroni na Massimiliano Giacomin wa Italia wakatoa njia iitwayo CF2 ambayo inawatendea watatu kama wanne, kila mmoja anakuwa jibu linalowezekana peke yake. Mimi kwa kesi ya shamba nabaki na Dung. Ajenti anayeniambia "hapa sina wa kumwamini" amenisaidia kuliko anayenipa majina matatu nichague.

Kinachotakiwa ni mshale kutoka nje ya duara. Tuseme kwenye faili kuna mchoro wa upimaji na unakataa maneno ya shahidi wa kwanza, na hakuna anayeupinga mchoro. Mchoro unaingia, wa kwanza anatoka, wa pili anarudi kwa sababu aliyemwita mwongo katolewa, wa tatu anatoka kwa sababu kapigwa na wa pili. Duara zima limefunguka kwa karatasi moja. Lakini mjumbe, mwangalie vizuri huyo wa pili. Kaingia kwa sababu mpigaji wake kaanguka, mchoro haukusema lolote kuhusu yeye. Kabla hujaandika kwenye kitabu cha maamuzi, mwite peke yake, muulize mpaka uko wapi na alikuwa na nani siku unawekwa, na majirani wawasikie majibu yake waone kama wana la kumpinga.